Neno Nililoongeza

Jumatatu, 27 Machi 2000. Kitengela

Bwana Irungu, mratibu wa kituo chetu, ametuandikia kwamba kuanzia kikao hiki kila mkufunzi awe na daftari la kumbukumbu, aandike kila siku amemsaidia nani na kwa jambo gani. Nimenunua madaftari mawili. La kwanza ni lake. Hili ni langu.

Naitwa Evalyne Nzula, nina miaka arobaini na saba, na nafundisha uandishi katika kituo cha walimu wa nasari, Kajiado mjini. Wanafunzi wangu ni walimu tayari. Muhula mzima wanafundisha watoto wadogo huko waliko, na shule zikifungwa wanakuja kwetu, wanalala bwenini na kusoma kwa wiki nne. Kundi hili lina watu kumi na wanane na hiki ni kikao chao cha mwisho. Tangu Januari kila mmoja amekuwa akimchunguza mtoto mmoja wa darasa lake. Sasa anatakiwa aandike ripoti ya kurasa kumi. Asiyepita ripoti hapati cheti.

Masika yalitakiwa yawe yameanza. Hayajaanza.

Jumatano, 5 Aprili

Mawingu yalifika vilima vya Ngong, yakakaa huko mpaka jioni.

Jumatatu, 10 Aprili. Kajiado

Wamefika, isipokuwa mmoja. Wa kwanza alikuwa Nthenya, mkubwa kwa umri kuliko wote, miaka arobaini na nne. Anafundisha nasari ya kanisa pale kwetu Kitengela na amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa bila cheti. Wa pili alikuwa Wamaitha kutoka Rongai, ambaye mwandiko wake ni mzuri hata Bwana Irungu humpa orodha za majina aziandike upya.

Nimewapa zoezi la kwanza: ukurasa mmoja, mweleze mtoto unayemchunguza ili mtu ambaye hajamwona aweze kumtambua akimkuta kati ya watoto thelathini. Nimesoma kumi na saba. Kumi na tatu zinaanza kwa kusema mtoto ni zawadi kutoka kwa Mungu. Ya Wamaitha inaanza na jua kuchomoza. Hakuna mtoto hata mmoja ambaye ningemtambua.

Jumanne, 11 Aprili

Aliyekuwa hayupo amefika adhuhuri, suruali nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Ni Kisemei, mwanamume pekee katika kundi. Anafundisha nasari mbele ya Isinya, saa moja kwa mguu kutoka barabara ya lami.

"Nilikuwa nasaidia ndugu zangu kupeleka ng'ombe," akasema. "Wamefika Nairobi, Mwalimu. Wanakula maua ya watu."

Nikamwambia kikao kilianza jana. Akasema anajua.

Jumatano, 12 Aprili

Kisemei amekaa na zoezi lile saa nzima. Nanakili hapa alichoniletea, chote:

*Mtoto N. ni msichana. Iko na miaka tano. Haiitiki jina. Sasa inaitika.*

Majina halisi ya watoto hayaruhusiwi katika ripoti, kwa hiyo "N." ni sawa. Mengine siyo. Nimemwandikia pembeni: Panua.

Alhamisi, 13 Aprili

Maji ya tangi yamepungua. Mpishi ameambiwa chai iwe mara moja kwa siku.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimemwita Kisemei baada ya vipindi. Alikuja na karatasi ileile ya mistari minne, neno "Panua" likiwa limezungushiwa duara kwa penseli.

"Nimejaribu kupanua," akasema. "Nikipanua inaharibika."

Nikamwambia aweke kalamu chini. "Nisimulie tu. Kama unavyomsimulia mtu mliyekutana njiani."

Akaanza, na kwa karibu saa moja sikumkatiza.

Msichana aliletwa na nyanya yake mwezi wa kwanza. Kwenye rejista aliandikwa Jane. Kila asubuhi Kisemei aliita Jane, na mtoto hakuinua uso. Wiki ya pili, mama anayewapikia watoto uji akasema huyo ni kiziwi, arudishwe nyumbani asije akagongwa na kitu njiani. Kisemei akachukua kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, akasimama nyuma ya mtoto, akagonga kwa jiwe. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili bega lilisogea. Mara ya tatu akageuka. Kwa hiyo masikio yalikuwa mazima. Siku hiyohiyo, watoto walipotoka, Kisemei alitembea mpaka boma la akina huyo mtoto. Akamuuliza nyanya kuhusu Jane. Nyanya akamuuliza Jane ni nani. Jina lile liliandikwa na mtu wa rejista, na pale bomani hakuna aliyewahi kulitumia. Mtoto anaitwa Nashipae. Kesho yake aliita Nashipae, na mtoto akatoka kwenye mkeka akaja kusimama karibu na kiti chake.

"Halafu nikamuuliza nyumbani wako na watoto wa mbuzi wangapi," akasema Kisemei. "Hajui nambari. Akaniambia yule mweusi, yule mwekundu, yule wa sikio nyeupe, yule mama yake alikufa. Mimi nahesabu na vidole, wakafika saba. Hapo nikajua hesabu anayo. Ila hesabu yake iko na rangi."

Nimefundisha miaka ishirini na mbili na sidhani nimewahi kupata maelezo bora ya mtoto. Lakini yalikuwa hewani, na yeye alikuwa amesimama tayari kwenda. Nikachukua fulskepu nikaandika mwenyewe, haraka, kabla hayajanitoka. Nilinyoosha sarufi. Nilitoa "mimi" nikaweka "mtafiti," kama mwongozo unavyotaka. Mahali pa kifuniko aya ilikuwa inaning'inia, kwa hiyo niliongeza neno moja: *Kifuniko kilipogongwa mara ya tatu, mtoto N. aligeuka, akacheka.*

Nilimpa asome. Alisoma taratibu, akakaa kwenye mstari ule muda mrefu kuliko mingine.

"Ndivyo?" nikamuuliza.

"Iko sawa, Mwalimu."

Jumamosi, 15 Aprili. Kitengela

Nimekuja nyumbani mara moja. Nimehesabu mizoga tisa ya ng'ombe kati ya Isinya na hapa, yote upande mmoja wa barabara.

Jumatatu, 17 Aprili. Kajiado

Nimechapa ule ukurasa kwenye stenseli bila jina la mwandishi, nikaudurufu nakala kumi na nane. Kichwa chake: Mfano wa Maelezo Bora. Tumeusoma darasani kwa sauti. Waliposikia habari ya rangi za mbuzi walinyamaza wote, na hilo si la kawaida kipindi cha saa nane. Kisemei alitazama meza.

Nilieleza kwa nini ni mzuri: hausifu, hauhubiri, unaonyesha. Wakaandika hivyo madaftarini: hausifu, hauhubiri, unaonyesha.

Jumatano, 19 Aprili

Mazoezi ya leo yamekuwa na uhai. Bwana Irungu alipita, akasoma mawili matatu, akasema uandishi umepanda. Nimeliandika hilo katika daftari lake.

Jumapili, 23 Aprili

Pasaka. Mahubiri yalikuwa ya mvua.

Jumatano, 26 Aprili

Siku mbili kabla ya kukusanya. Kila mtu anaandika. Nilikuwa natoka ofisini na mafaili mkononi Nthenya aliponisimamisha.

"Mwalimu, ile karatasi ya mfano ulitupatia, tunaweza kuitumia?"

"Itumieni, ndiyo sababu niliwapa," nikasema.

Akashukuru.

Ijumaa, 28 Aprili

Ripoti kumi na nane zimekusanywa saa tisa kamili. Nimehesabu kurasa, nimeangalia majina, nimezifunga kwa kamba. Kuzisoma ni kazi ya msahihishaji wa nje.

Jumanne, 2 Mei

Msahihishaji amewasili kutoka Nairobi. Bwana Ouko, mtu mrefu wa sauti ya chini. Alijifungia na ripoti, akaomba asiletewe chai.

Jumatano, 3 Mei

Saa nne asubuhi Bwana Ouko alituita mimi na Bwana Irungu. Mezani kulikuwa na ripoti tatu zilizofunguliwa ukurasa wa tatu.

"Someni," akasema.

Ripoti ya kwanza ilikuwa ya Kisemei. Ya pili ya Wamaitha. Mtoto wake ni wa Rongai, anaishi na mama yake kwenye chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya pili. Haitiki jina la rejista. Mwalimu anagonga kifuniko cha kopo mara tatu. Anageuka, anacheka. Kisha anaulizwa kuhusu mbuzi wa nyumbani, na anawataja kwa rangi.

"Ghorofa ya pili," akasema Bwana Ouko.

Ya tatu ilikuwa ya Nthenya. Yeye aliweka sufuria mahali pa kifuniko, na kuku mahali pa mbuzi. Kuku wake pia walikuwa saba. Mtoto wake pia alicheka.

Nilijua papo hapo. Lazima niandike hili bila kulipamba: nilijua papo hapo, na nilikaa kimya.

Bwana Ouko akauliza nani aliandika kwanza. Bwana Irungu akaomba mazoezi ya darasani ya wote watatu, yakaletwa, akayapanga mezani. Ya Wamaitha yamenyooka. Ya Nthenya ni ya wastani. Ya Kisemei ni ile mistari minne.

"Mtu aliyeandika hii," akasema Bwana Irungu akigusa mistari minne, "hawezi kuwa ndiye aliyeandika hiyo. Madam Nzula, wewe ndiye unawafundisha. Unaonaje?"

Nikasema ningependa kuwasikia wenyewe kwanza. Sentensi ile ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana nilijificha nyuma yake.

Tulipotoka Bwana Irungu alinishika mkono kwenye ukumbi. Akasema jina langu halijatajwa popote na hakuna haja litajwe. Wanawake wale wawili wataambiwa warudie. Kijana ataondolewa, maana lazima mtu mmoja awe mfano. "Kwani yeye anahitaji cheti?" akasema. "Wako na ng'ombe."

Nilitaka kumwambia kuhusu barabara ya Isinya. Sikumwambia.



Alhamisi, 4 Mei

Kikao kilianza saa tatu, ofisini kwa mratibu. Bwana Ouko mezani, Bwana Irungu kulia kwake, mimi kushoto. Waliitwa mmoja mmoja.

Wamaitha aliingia na kitambaa kipya kichwani. Bwana Ouko alimuuliza maswali matatu tu. La kwanza, kama maelezo ni yake. Akasema ni yake. La pili, mtoto alifanya nini kifuniko kilipogongwa mara ya tatu. "Aligeuka, akacheka," akajibu bila kusita. La tatu, mbuzi wanafugwa wapi. Hapo ndipo alipokawia. Akasema wako kwa shosho, nyanya ya mtoto, huko Laiser Hill. Bwana Ouko akaandika.

Nthenya hakungoja swali. "Hiyo sehemu nimetoa kwa karatasi tulipewa darasani," akasema. "Tuliambiwa tuitumie, nikaitumia. Nikabadilisha mbuzi, kwa sababu huyo wangu hana mbuzi."

"Karatasi gani?" akauliza Bwana Ouko.

"Ya mfano. Iko kwa boksi yangu, naweza leta."

Bwana Irungu akasema hilo ni jambo dogo, mifano hutolewa kila mwaka, na huenda karatasi hiyo yenyewe ilitokana na kazi ya Wamaitha. Alinitazama aliposema hivyo. Nthenya pia alinitazama, bila ubaya wowote, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie maneno. Akaambiwa angoje nje.

Kisemei aliingia, akakaa, mikono kwenye magoti.

Bwana Ouko akamuuliza swali lilelile. "Kifuniko kilipolia mara ya tatu, mtoto alifanya nini?"

"Aligeuka."

"Halafu?"

"Akalia."

Bwana Ouko akafungua ripoti. "Alilia?"

"Alilia sana. Alishtuka. Nilimbeba mpaka akanyamaza. Mpaka leo nikishika hicho kifuniko anaangalia mkono yangu."

"Hapa umeandika akacheka."

Kisemei akasogeza kichwa kuangalia, ingawa alijua kilichoandikwa. "Imeandikwa hivyo."

"Wewe uliandika?"

"Nilinakili."

"Kutoka kwa nani?"

Kisemei akasema, "Mtoto ni wangu. Maneno mengi ni yangu. Mkono ulikuwa wa mtu mwingine."

"Wa nani?"

"Huyo mtu alikuwa ananisaidia," akasema. "Siwezi kumuuza."

Hakunigeukia hata mara moja. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba niliona mshono wa kola yake umeachia. Bwana Irungu akasema, "Basi iko wazi. Hata hajui kilichotokea katika ripoti yake mwenyewe," akavuta fomu.

Nikasema, "Mkono ulikuwa wangu."

Nilieleza tangu mwanzo. Mistari minne, saa moja ya kusimulia, fulskepu, stenseli, nakala kumi na nane. Nilieleza kwamba Nthenya aliniuliza nikamjibu nikiwa nimeshika mafaili. Nikasema mtoto yule hakucheka, na Kisemei hajawahi kusema alicheka, na mimi sikumuuliza alifanya nini. Niliongeza neno, na neno hilo sasa limekuwa ushahidi dhidi ya mtu pekee aliyekuwepo.

"Kwa nini uliliongeza?" akauliza Bwana Ouko.

"Nilitaka aya iishe vizuri."

Akaliandika hilo pia, neno kwa neno, na niliona kalamu yake ikiweka nukta.

Uamuzi ulitoka saa saba. Ripoti zote tatu zimefutwa. Kesho kila mmoja atakaa ukumbini kwa muda wa saa mbili bila karatasi yoyote ya zamani, aandike upya kuhusu mtoto aliyemchunguza kweli, naye Bwana Ouko atasahihisha mwenyewe. Kuhusu mimi itaandikwa barua.

Jioni nilimkuta Kisemei kwenye bomba, akingoja ndoo ijae. Maji yalikuwa yanatoka kama uzi. Nikamwomba msamaha. Akasema hakuna neno.

"Ulipoisoma uliona si kweli," nikasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Nilidhani kwa ripoti watoto hucheka."

Ijumaa, 5 Mei

Sikuruhusiwa ukumbini. Niliketi kwenye ngazi za jikoni, ambapo dirisha la tatu la ukumbi linaonekana.

Wamaitha aliandika bila kuinua kichwa, akajaza karatasi, akaomba nyingine. Nthenya aliandika, akafuta, akaandika. Kisemei hakuandika chochote nusu saa ya kwanza. Kisha akainua mkono, na baadaye kidogo nikamwona akitoka na meza yake kichwani. Aliiweka nje kwenye ukuta wa bwenini. Msimamizi akamfuata na kiti na kukaa hatua chache nyuma yake. Kisemei alikuwa ameomba aandike mahali anapoweza kusema kwa sauti bila kusumbua wenzake. Alikuwa akisema sentensi, akingoja, kisha akiiandika. Kutoka nilipokaa sikusikia maneno, niliona tu mdomo ukitangulia na mkono ukifuata.

Sikumfundisha hilo.

Baadaye Wamaitha alinikuta chumbani kwangu nikifunga mizigo. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali kuhusu mtu anayedanganya mbele ya msahihishaji. Akaketi kwenye kitanda bila kukaribishwa.

"Nilikuwa na mtoto wangu," akasema. "Nina daftari nzima, Mwalimu. Ni kijana anauma wenzake. Nimemwangalia miezi mitatu, nimejaribu kila kitu, na bado anauma. Nikaona ripoti inaisha vibaya hivyo, nani ataipitisha?"

Nikamuuliza ameandika nini leo.

"Kwamba bado anauma."

Maneno makali niliyaacha, nikaenda naye bwenini. Nilimsaidia kufunga sanduku lake, maana kufuli lilikuwa bovu.

Jumatatu, 8 Mei. Kitengela

Matokeo yamefika kwa simu kutoka ofisini. Alama ya kupita ni arobaini. Wamaitha sitini na moja. Kisemei arobaini na saba: Bwana Ouko amemkata sana kwa sarufi, na chini ameandika kwamba mtoto anaonekana. Nthenya thelathini na sita. Atarudia Agosti.

Mimi ndiye niliyempelekea Nthenya habari, kwa sababu nasari yao iko dakika kumi kutoka kwangu. Nilimkuta akiwavua watoto viatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Agosti si mbali," akasema, akaendelea na viatu.

Jumatano, 10 Mei

Matone kumi na mawili kwenye bati. Niliyahesabu.

Jumatatu, 22 Mei

Barua imefika. Mwaka mmoja nisisimamie ripoti wala kuhusika kwa namna yoyote na maandishi ya wanafunzi. Nitafundisha kazi za mikono: kukata karatasi, kusuka kamba, wanasesere wa vitambaa. Imetiwa sahihi na Bwana Irungu, na imeandikwa vizuri. Nimeisoma mara mbili nikitafuta kosa, kwa mazoea, sikulipata.

Jumamosi, 3 Juni

Umeme umekatwa tangu juzi. Wanasema utakuwa wa mgao, mabwawa yamekauka. Nimekata wanasesere kumi na wawili.

Jumamosi, 10 Juni

Nthenya alikuja saa nane mchana na mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango wa jikoni na ungo wa pojo. Tuliulizana habari za nyumbani, za ndugu zake huko Ukambani, za njaa. Kisha akatoa daftari.

Nikamwambia kuhusu barua. "Siruhusiwi kugusa maandishi yako."

"Sikuleta uguse," akasema. "Nimeleta nikae."

Nikamletea kigoda na meza ndogo. Akakaa, akafungua daftari, akaliangalia. 

"Huyo mtoto wangu wa kweli," akasema, "hana maneno mengi. Ndiyo maana nilichukua ya wenzangu, na hata Mei nilishindwa. Huyu ni kijana, miaka minne. Kazi yake ni kulala. Mama yake anafanya kwa mashamba ya maua, anatoka saa kumi na moja asubuhi giza bado, anampeleka kwa jirani amebebwa. Akifika kwangu analala. Wengine wanaimba, yeye amelala. Mwalimu mkuu alisema nimwamshe, atapata mazoea mabaya. Mimi nikamwacha. Sasa huo ni uchunguzi?"

"Alikuwa akilala wapi?"

"Kwa gunia, nyuma ya mlango."

"Gunia la nini?"

"La mahindi. Nilikuwa naliosha Ijumaa."

"Na akiamka?"

"Akiamka anauliza kama mama amekuja. Halafu anakuja kwa mstari na wengine, kama amekuwa hapo tangu asubuhi. Hata wimbo anaujua. Sijui aliushika saa ngapi."

Nilichambua pojo. Nilikuwa na sentensi tatu tayari kichwani, moja nzuri sana, kuhusu mtoto anayejifunza wimbo usingizini. Niliiacha humohumo.

"Umesema nimwandike nani?" akauliza Nthenya.

"Sijasema kitu."

Akainamisha kichwa, akaanza. Anaandika kwa kubonyeza, unasikia kalamu mezani. Aliandika "gunia" na akairudia tahajia mara mbili kwa midomo. Aliandika mstari ambao nilimwona akiukata, akauandika tena mfupi zaidi. Mara moja alimwita mtoto "zawadi," akalitazama neno hilo, akalifuta mwenyewe kwa kidole kilichotiwa mate mpaka karatasi ikachubuka. Mchana ulipoanza kupoa alikuwa kwenye ukurasa wa tano.

Hapo akasimamisha kalamu. "Sasa mwisho. Nipe neno zuri la kumalizia, Mwalimu. Moja tu."

"Siku ya mwisho ya muhula, shule zilipofungwa, alifanya nini?"

Aliutazama ungo wangu.

"Alilala," akasema.

Nikaendelea na pojo. Baada ya kitambo nikasikia kalamu ikigusa meza, mara moja, kwa neno fupi.